Maneno Niliyokwenda Kuyafuta Matombo

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya barua ya mistari miwili. Dada yangu Modesta, aliyenitangulia kuzaliwa, aliandika hivi: "Felista hamezi dawa tangu asikie ulichoandika gazetini. Njoo uyaondoe maneno yako."

Ilikuwa miaka ile magazeti ya watu binafsi yalipoanza kuota kama uyoga, na kila mhariri akitafuta mjadala wa kuuzia nakala. Wetu aliupata Ulaya. Katika nchi moja ya huko wabunge na madaktari walikuwa wakibishana: mtu ambaye mwili wake ni mzima lakini akili inamtesa miaka nenda miaka rudi, akiomba daktari amsaidie kufa, sheria imruhusu? Mhariri alitaka mtu wa upande wa ndiyo. Nikajitolea. Nikamwandika Felista, binti wa Modesta, ambaye tangu kidato cha pili husikia sauti za watu wasiokuwepo, na amelazwa mara tatu katika wodi ya wagonjwa wa akili. Jina nilibadili. Kijiji sikubadili. Nikamalizia hivi: "Mpwa wangu amechoka. Sheria hiyo ingekuwepo kwetu, mimi mjomba wake ningekubali." Nilisifiwa sana kwa maneno hayo, na sifa zikanivimbisha kichwa.

Saa moja asubuhi basi lilitoka. Tulipita Chalinze, tukapita njia panda ya Ngerengere, mvua ikianza kunyesha, na muda wote huo nilikuwa napanga hoja. Nitamweleza Felista tofauti ya maoni na amri. Nitamweleza kwamba mambo yenyewe ni ya Ulaya. Nikifikiria leo nilivyozipanga hoja zile kitini, najionea aibu.

Saa sita mchana nilikuwa Bigwa, chini ya milima ya kwetu, nyumbani kwa Shomari, tuliyesoma naye darasa moja. Shomari hununua ndizi na mdalasini milimani na kuviuza mjini. Alinikaribisha ubwabwa na mlenda, lakini hakunitania kama kawaida yake.

"Gazeti nililipeleka mimi," alisema. "Siku ya gulio, Mkuyuni. Nikamsomea dada yako mbele za watu, kwa fahari, rafiki yangu yumo gazetini. Felista alikuwa amekaa palepale juu ya magunia. Nilipofika mwisho, watu wote wameinamisha vichwa."

"Yalikuwa maoni tu, Shomari."

"Maoni ya nani? Wewe si mjomba wake?"

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama. Shamba analolima Felista nimemgawia mimi. Akiposwa, naulizwa mimi. Mjomba akimwambia mpwa neno zito mbele za watu, neno hilo limekwisha kukata shauri, mpaka alifute yeye mwenyewe kwa maji. Haya niliyajua kabla sijajua kusoma. Ila nilipokaa mbele ya taipureta nilijiona msomi anayechangia mjadala, nikasahau kwamba kule juu mimi si mchangiaji.

Kesho yake, saa mbili, Shomari alinichukua kwenye pikapu yake hadi mbele ya Mkuyuni, barabara ya Matombo, akaniteremsha njia inapoanza kupanda. Nilitembea saa mbili katikati ya migomba na mafenesi, nikipumzika kila mahali palipokuwa na jiwe. Njia ile nilikuwa naipanda mbio. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilikuja lini, nikapata miaka minne.

Dada alikuwa uani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaendelea kupepeta mchele. Felista alikuwa barazani akibandua maganda ya mdalasini kwa kisu butu. Alikuwa amekonda. Mikono yake bado ilijua kazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja tuzungumze yale ya gazeti. Unajua, huko Ulaya..."

"Mjomba," alinikatiza kwa upole, "mwaka ule nilipolazwa mara ya tatu nilitaka kufa. Ungekuja na karatasi ya hiyo sheria ningetia sahihi. Nisingekawia."

Modesta aliacha kupepeta.

"Halafu?" niliuliza.

"Halafu mvua ikanyesha, mama akasema twende tukapande maharage. Nikaenda. Sauti nazo zilikuja, tukapanda nazo." Aligeuza ganda mkononi. "Siku zile nilitaka mtu wa kuniambia ningoje. Mama aliniambia. Sasa wewe, mwenye kauli kumzidi, umesema niende. Nikaona basi, nisiwasumbue kwa vidonge."

Nililia mbele ya dada yangu na mpwa wangu, mtu mzima mwenye mvi. Hoja zote za kwenye basi zilikuwa zimekwisha.

Modesta alileta kata ya maji yaliyotiwa unga kidogo. Nilivua viatu. Nikachukua maji mdomoni, nikampulizia Felista kifuani mara mbili, nikasema kwa sauti ili na majirani wasikie: "Niliyosema nimeyafuta. Mimi mjomba wako nasema kaa. Kaa nasi." Alifumba macho. Kisha mama yake alimpa vidonge viwili, akavimeza kwa maji yaliyobaki kwenye kata. Nilidhani nimesamehewa. Usiku nilikula ugali kwa furaha na kuongea kupita kiasi.

Asubuhi Felista alinisindikiza hadi kwenye kijito kilicho chini ya nyumba. Alinipa kifurushi cha mdalasini nimpelekee mke wangu. Nikamwambia nitarudi karibuni.

"Maji nimeyapokea, mjomba. Dawa nitameza," alisema. "Ila kuna neno nataka kukuuliza, usikasirike. Uliandika kwamba nimechoka. Mimi sikukwambia nimechoka. Miaka minne hatujaonana. Ulijuaje?"

Nilisema nilihisi tu. Aliitikia kwa kichwa kama anavyoitikia mtoto aliyedanganywa na mkubwa, akanitakia safari njema.

Basi la kurudi halikuwa na abiria wengi, na sikuwa na hoja za kupanga. Nilihesabu barua za dada ambazo sikuzijibu na sikukuu nilizosema nina kazi. Kuhusu sheria yenyewe, bado sijui. Huenda yupo mtu mahali ambaye maumivu yake yanaihitaji, na mimi si wa kumsemea huyo pia.

Jumatatu mhariri aliniita. Mjadala ulikuwa umenoga, wasomaji wanaandika, akataka nirudi na makala ya pili: je, mpwa wangu bado amechoka?

"Hakuwahi kuniambia amechoka," nilimwambia. "Aliyechoka nilikuwa mimi."