Nilikuwa Sauti ya Wenye Maneno

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye bendi niliingia katika chumba cha studio pale Segese, kuta zimebandikwa magodoro chakavu na trei za mayai ili sauti isirudi. Tulirekodi pale tu karasha za jirani, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zilipozimwa watu wakale. Zikiwashwa, maikrofoni ilinguruma nasi tukanyamaza.

Fundi mitambo, aliyetawala vifaa vyote vya kurekodi, alinisikiliza kidogo tu. "Mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "una sauti kali. Wewe utaimba sehemu ya wenye maneno, wale wasengenyaji."

Dada Pendo, mwimbaji wetu kiongozi, alikuwa akisemwa mji mzima. Kazeeka, koo limekauka, arudi kupikia wachimbaji. Akatunga wimbo wa kuwajibu. Lakini jibu halina ladha msikilizaji asiposikia kilichosemwa, kwa hiyo mwitikiaji, anayeimba nyuma ya kiongozi, ndiye hubeba matusi. Mimi ningeimba "Umekwisha!", ningeacha nafasi, naye angejibu, "Nipo."

"Usimchukie," fundi alinionya. "Kwetu ngoma mbili zikishindana, watu hutukanana wakicheka. Anayekasirika, watazamaji wanahamia upande wa pili."

Gitaa lilitangulia jepesi, kama mtu anayepita mlangoni kwa adui yake akipiga mluzi. Nikatukana nikitabasamu. Wimbo ukapendwa mpaka machimboni.

Sokoni, muuza dagaa alinikazia macho. "Si wewe uliyemwambia Dada Pendo amekwisha?"

"Ni kazi, mama."

"Kazi gani ya roho mbaya hivyo? Kanunue kwingine, Mama Umekwisha!"

Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Jina likaganda. Mimi, Mama Kulwa, mzazi wa mapacha, nikawa napita watu wakinyamaza.

Tulipohamia Ushirombo nilimwomba mpiga gitaa, ndiye kiongozi wa bendi, aniruhusu niimbe jibu, japo mara moja. Nilitaka watu wanisikie nami nikisema nipo.

"Kwani wewe nani kakusema?"

"Soko zima."

"Basi umeimba vizuri," akasema, akaendelea kukaza nyuzi za gitaa lake.

Nilisubiri miaka. Kisha tukaenda Isaka, kwenye bandari kavu, ambako madereva wa malori waliokuwa wakingoja mizigo walijaza uwanja. Vumbi lilikuwa limemkaba Dada Pendo tangu asubuhi. Nikaimba "Umekwisha!", nikaacha nafasi. Akafungua mdomo, sauti isitoke. Akajaribu tena, kimya. Nikamgeukia kiongozi wa bendi, naye akaniinamishia kichwa: haya, jibu.

Nikavuta pumzi. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Upo!" akapaza dereva mmoja. "Upo, dada!" uwanja mzima ukaitika. Dada Pendo akalia palepale jukwaani kwa furaha. Walimjibia yeye. Nikaitoa pumzi yangu polepole, bila neno.

Ninyi vijana mnaojifunza kuitikia, kutoa sauti ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuacha nafasi, na hiyo ndiyo nzito, kwa sababu nafasi unayoiacha si yako.

Sasa nimestaafu. Dada Pendo ametangulia mbele za haki. Kulwa na Doto wamefuata dhahabu mbali, na nyumba yangu ina viti vingi kuliko watu. Sauti yangu ina mikwaruzo, ila bado najua mahali pa kuingia.

Jana jioni nilikuwa nasonga ugali, redio ya jirani ikaupiga ule wimbo. "Umekwisha!" Ni mimi huyo, nina meno yangu yote, nacheka. Mwiko ukasimama sufuriani. Kabla Dada Pendo hajafika kwenye neno lake, nikalitamka mimi, kwa nguvu yote iliyobaki.

"Nipo!"

Jirani akachungulia juu ya ua. "Shikamoo, Mama Kulwa. Umepata mgeni?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana."

"Nimesikia kama unamwitikia mtu. Ngoja, sikupati vizuri."

Akaizima redio ili anisikie. Nafasi ile ikawa yangu, na neno langu nilikuwa nimeshalisema.