Damu ya Mzee Kahangwa

Verdiana si mtu wa kuamini mashine kwa sababu inang'aa. Maabara yao pale Bukoba ilipoletewa mashine mpya ya kupima uzito wa damu, wenzake walipiga makofi. Yeye akasema, "Kwanza ishindane na ile ya zamani." Damu nzito mno hupita kwa shida mishipani, na hapo kiharusi hakiko mbali. Kipimo cha kubahatisha cha nini?

Wakaomba watu wa kujitolea. Baba yake, Mzee Kahangwa, akatoa damu kwenye zahanati ya kwao Ijumbi, ikaletwa mjini. Verdiana akaanza na mashine mpya. Nzito, tena nzito ya kutisha! Baba yake mdogo aliangushwa na kiharusi shambani, hakuinuka tena. Utaalamu wote ukamtoka, akampigia baba yake simu.

"Tata, njoo mjini leo hii. Usiulize."

Jamani! Mzee unamwambia hivyo, asifikirie jeneza afikirie nini?

Aliporudi kupima kwa ile ya zamani, akaishika chupa ya damu. Baridi! Kumbe Joyness, nesi wa Ijumbi, ameizoea chanjo mpaka kila kitu kwake ni barafu. Damu alikuwa ameileta ndani ya boksi la chanjo. Na damu ikipoa huwa nzito, kama asali asubuhi ya mvua. Mashine ya zamani haipimi mpaka chupa ikae kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Mpya nayo hupasha, ila inataka kusubiriwa, na Verdiana, mhubiri wa subira, hakusubiri.

Akaipasha, akatulia, akapima kwa zote mbili. Zikakubaliana: damu ya kawaida kabisa. Akaketi, akacheka huku machozi yakimtoka. Asante Mungu!

Mzee akafika na koti lake la kanisani. Verdiana akamtoa damu nyingine, majibu yakawa yale yale.

"Tata, u mzima. Damu ilikuwa na baridi tu."

"Baridi? Waitu! Nami nimeshapita kwa Mutembei, nimemwachia ule mpaka wa kibanja!"

Mutembei ni jirani yake, mashamba yao ya migomba yamepakana. Walikuwa wamegombania mpaka huo hadi salamu zikakatika.

"Akasemaje?"

"Alilia. Tukatafuna kahawa pamoja, ya kupatana."

Mzee akatoa mfukoni punje za kahawa zilizobaki, akampa binti yake moja.

"Mwanangu," akasema, "habari za baridi usimwambie Mutembei."