Sahihi ya Pili Kwenye Kadi ya Parachuti

Mniite mwongo mkitaka, lakini kadi bado ninayo.

Kazi yangu ni kukunja parachuti, kwenye kiwanja kidogo cha ndege karibu na Naivasha. Hizi zangu hazibebi watu. Zinafunguka nyuma ya ndege ikiwa angani, zinavuta mzigo mzito utoke kwa mlango wa mkiani. Mwaka wa kisa hiki tulikuwa bado tunazijaribu. Parachuti ikifunguka vibaya, mzigo unakwama mlangoni, mkia unalemewa, ndege inaanguka na waliomo.

Kila parachuti huingia ndegeni na kadi yenye sahihi mbili: ya aliyekunja na ya aliyekagua. Mkaguzi wetu, Mzee Kiprono, tulikuwa tumemzika Molo wiki mbili kabla. Siku hiyo mvua ilikuwa inakuja, rubani ana haraka, nami nikatia sahihi zote mbili mwenyewe. Nani angejua? Na mtu wa kusimamia mzigo ndani ya ndege alikuwa Otieno, mume wa dada yangu.

Wenzangu walienda kula. Nilipoinua kichwa, Mzee Kiprono alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, njiti ya kiberiti mdomoni kama kawaida yake. Saa saba mchana, niaminini!

"Kijana, vifuko viko wapi?"

Alimaanisha vifuko vya mchanga tunavyoweka juu ya kitambaa kisiteleze tukikunja.

"Viko kwa misumari ya ukutani, mzee."

"Vyote sita?"

Nikageuka ukutani. Vilikuwa vitano. Nilipomrudia, hayupo, imebaki harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa.

Niliifungua ile parachuti nikilia. Kifuko cha sita kilikuwa katikati ya mikunjo, pale nilipokisahau. Nikakunja upya. Rubani alinifokea kwa kumchelewesha.

Otieno alirudi salama, akanikabidhi kadi.

"Shem, hii ni wewe umeandika?"

Kwenye nafasi ya pili sahihi yangu haikuwepo. Ilikuwepo ya Mzee Kiprono, ile yenye mkia mrefu. Otieno mwenyewe alikuwa amebeba jeneza lake.

Hajapanda ndege tena. Mimi nami siwezi kukunja nikiwa peke yangu chumbani, hata mchana. Kwa hivyo wewe ambaye roho za watu ziko mikononi mwako, usijikague. Mimi nilijiwa. Wewe huenda asije mtu.