Samaki wa Kina Kirefu

Juzi nilipeleka baiskeli kwa fundi, naye akatoa mpira mpya wa ndani akaujaza upepo mbele yangu. Harufu ile ya mpira ilinirudisha Katonga, ufukweni Kigoma, nyumbani kwa mjomba Ramadhani, ambako nguo zake za mpira za kuzamia zilianikwa kwenye kamba moja na kanga za mkewe.

Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu Kalinzi tulijua kahawa, maharage na baridi. Ziwa tuliliona kwa mbali tu. Nilipopelekwa Kigoma kwa likizo nilijiona nimefika, na kwa mdomo niliokuwa nao, jambo nililojifunza asubuhi nililifundisha watu jioni.

Mjomba alikuwa mzamiaji wa samaki wa mapambo, wale wadogo wenye rangi za ajabu wanaoishi kwenye miamba ya ziwa letu na kusafirishwa hai hadi Ulaya. Nilidhani anawakamata na kupanda nao. Kumbe samaki wa kina kirefu akipandishwa mara moja, tumbo humvimba akafa. Mjomba aliwatia kwenye madumu yaliyotobolewa matundu, akayafunga kwa kamba yenye boya, na kila siku aliyavuta juu pima mbili tatu, akawaacha hapo wazoee.

"Ukiwa na haraka, mpwa wangu, utapandisha mizoga," aliniambia.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, mitumbwi ikivuka kutoka Kongo kila kukicha. Kwa mjomba nilimkuta Furaha, msichana wa umri wangu, aliyeokolewa kwenye boti iliyopinduka karibu na ufuko. Mama yake alikuwa ndani ya boti hiyohiyo, na hakuonekana tena. Watu wazima walijua maana yake. Mama Zaituni, mke wa mjomba, alikuwa akinung'unika jikoni, "Nani atamwambia mtoto huyu, jamani?" Kila mmoja alimtegea mwenzake.

Furaha alikuwa hali chakula. Siku moja tulikuwa tukiosha masufuria ufukweni, akaniuliza, "Mjomba yako anaendaka mpaka chini kabisa?"

"Kabisa."

"Na anarudiaka?"

"Kila siku."

Akasugua sufuria kwa mchanga, muda mrefu. "Sasa mama yangu atakuya lini?"

Moyo uliniuma, nami sikuwa mtoto wa kukosa jibu. Nikamwambia mama yake anapandishwa polepole, kwa sababu akiharakishwa atakufa. Nilipomaliza kusema, hata mimi niliamini.

Siku hiyo Furaha alikula ugali mpaka Mama Zaituni akamshukuru Mungu kwa sauti. Kuanzia hapo kila asubuhi alikaa ufukweni akiyatazama maboya. Mjomba akirudi, alimkimbilia kumuuliza zimebaki pima ngapi. Mjomba, maskini, alidhani mtoto amependa samaki, akawa anamjibu kwa furaha: tano, tatu. Halafu siku moja akamwambia, "Kesho tunawatoa."

Furaha alifua gauni lake, lile moja alilokuwa nalo.

Madumu yakaja. Mjomba aliyafungua moja moja ndani ya beseni, na samaki walitoka wazima, wa bluu, wa manjano, wenye milia. Furaha alichungulia kila dumu. La mwisho lilipomwagwa, akauliza, "Na mama?"

Mjomba alisimama na dumu mkononi. Mama Zaituni akapiga magoti kwenye mchanga, akamshika mabega. "Nani alikuambia mama yako yumo humu?"

Furaha alinitazama. Nilijua bakora za mjomba, na mdomo wangu wote uliishia hapo.

"Niliota tu," akasema.

Hakulia. Aliinama akaanza kusuuza madumu, nami nikajiunga naye bila kumwomba radhi, ingawa tulikuwa bega kwa bega na nafasi ilikuwapo. Keshokutwa yake lori la kambini lilimchukua. Sikujua kambi gani, wala sikuuliza.

Wakati ule nilishukuru tu kuepuka fimbo. Nilikuwa mama wa watoto wawili nilipokuja kuelewa kwamba asubuhi ile Furaha alimpoteza mama yake mbele yetu sote, bila mtu wa kumwambia pole, na katika saa hiyo hiyo akanihurumia mimi.