Chupa za Simu na Kisima cha Mchangani

Enzi za Mdachi nilikuwa mtunza chupa katika ofisi ya simu, Mpwapwa. Simu ya siku hizo haikusema, iligonga tu, na nguvu yake ilitoka kwenye chupa za maji ya dawa, kila moja na kipande cha shaba na kipande cha zinki. Maji yanagongaje chuma? Nilimuuliza kila mtu, na aliyenijibu "ndivyo yalivyo" alinikera.

Karani wetu, Mrangi wa Kondoa, alikuwa na lake moyoni. Mkewe alikuwa kwao Kilosa, amekwenda kujifungua, na siku yoyote habari ingekuja kwa waya.

Asubuhi hiyo niliosha chupa. Kuzirudisha, nikafunga shaba zote pamoja na zinki zote pamoja, kama tunavyotenga ndama na ng'ombe kwetu Kibakwe. Karani akanisifu. Tukajaribu kigongeo cha mezani kwa waya mfupi, kikalia vizuri.

Mara Kilosa ikaita. Karani akaitika. Kilosa ikaita tena, haikumsikia. Na kanuni yao ilikuwa hiyo: asiyeitika hatumiwi habari. Aligonga mpaka mkono ukamuuma, na mimi roho ikaniuma kumtazama. Hatimaye Kilosa ikanyamaza.

Nikadhani chupa zimepungukiwa maji, nikaenda kuyachota mtoni. Karani akanifuata, maana kukaa hakuweza. Kiangazi kile mto ulikuwa mkavu, kisima kilichochimbwa mchangani mwake kilikuwa kirefu, na watu walisimama kwenye vidato vya ukutani, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana kibuyu. Vijana wawili walibanana kidato kimoja. Kibuyu kilikuwa chepesi kwao, ila hakikufika kwa mama aliyekuwa juu.

"Mmoja apande," mama akawaambia. "Hapo mnapunguziana uzito tu, maji hayafiki."

Tulitazamana na karani: chupa zetu nazo zilikuwa zimebanana kidato kimoja. Tukarudi mbio.

Safari hii nilifunga shaba ya chupa hii na zinki ya chupa inayofuata, hadi ya mwisho, kila chupa ikiongeza msukumo wake juu ya wa mwenzake. Wenyewe siku hizi wanauita volti. Karani akagonga, na Kilosa ikajibu.

Alizoea kunitafsiria kila mlio. Sasa alisikiliza tu, kainamisha kichwa. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kulikoni.

"Ni msichana," akasema. "Mama yake ametuma kuuliza, mbona alipokuwa akiniita kwa waya sikuitika."