Jumanne wa Mnadani Afundisha Kusoma kwa Hisia

Hapa Nambambo, ukitaka habari mbaya ikufikie bila maumivu, mtafute Jumanne. Ndiye katibu wa chama chetu cha wakulima, na siku ya mnada wa korosho ndiye anayetusomea bei za wanunuzi. Koo lake analitunza kuliko shamba: maji baridi hanywi, na asubuhi ya mnada haongei na mtu mpaka ashike kipaza sauti. Maringo yake yananichosha, ila sauti anayo, siwezi kumnyima.

Shamimu, binti wa marehemu kaka yake, alianguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika mguu, akasomea nyumbani karibu mwaka mzima. Mama yake, Kulthumu, anajua kuandika jina lake tu, basi. Shule ikatuma ujumbe: Mwalimu Catherine atakuja kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti na kwa hisia. Akishindwa, atarudia darasa la tatu, akae dawati moja na mdogo wake Hassani. Shamimu aliposikia hivyo alilia hadi akasusa ugali.

"Shemeji, unisaidie," Kulthumu akamwomba Jumanne. "Kwenye ukoo huu msomaji ni wewe."

Jumanne hakubembelezwa. Alikuja kila jioni, kanzu imepigwa pasi, akamsimamisha mtoto kibarazani na magongo yake. Alimfundisha kuvuta pumzi, kutua kwenye nukta, kuwatazama watu wa nyuma. Tukipita tulisikia kasauti kale kakinguruma, tukasifu. Kulthumu akawa anakwenda kisimani kifua mbele.

Mwalimu alifika Jumamosi. Majirani tukajaa uani, nani akose? Akafungua kitabu kwenye hadithi ya kijiji kilichopatwa na ukame, akampa Shamimu.

Visima vikakauka, mtoto akatabasamu. Mahindi yakaungua shambani, akalainisha sauti kama anabembeleza kichanga. Alipofika pale mbuzi wa mwisho wa bibi kizee alipokufa, akapaza sauti kwa furaha na kupiga makofi. Na sisi, kwa mazoea ya mnadani, tukapiga.

Mwalimu Catherine hakupiga. "Shamimu, mbuzi kafa. Mbona unashangilia?"

"Baba mdogo kanifundisha, Mwalimu. Jambo baya unalisoma kwa upole, unatabasamu. Halafu unapiga makofi wewe kwanza. Watu watafuata, hawatauliza."

Jumanne akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la kanzu. Ilikuwa safi.

"Haya, rudia," Mwalimu akasema. "Soma kama mbuzi huyo ni wenu."

Shamimu akarudia. Safari hii sauti ilitetemeka, na kwa yule bibi kizee nusura ikatike. Kulthumu akavuta mtandio akajifuta macho. Nami niliumia, nisiseme uongo. Nilimwonea huruma mbuzi wa kwenye karatasi. Mwalimu akafunga kitabu.

"Jumatatu uje darasa la nne, ukae na wenzako."

Vigelegele vikapigwa uani kote. Kulthumu peke yake hakupiga. Alikuwa amemgeukia shemeji yake, machozi bado yako shavuni.

"Shemeji," akauliza taratibu, "ile bei ya msimu uliopita, uliyotupigia makofi. Ilikuwa mbaya?"

Vigelegele vikakatika, maana pale uani hakukuwa na mtu ambaye hakuuza korosho kwa bei hiyo.