Sehemu ya Pili Niliyoikimbia

Kama hujawahi kusimama karibu na kasha la kakao siku ya tatu tangu lifunikwe, sijui nikueleze vipi. Ni harufu ya siki, ya ndizi zilizopitiliza kuiva, na kwa mbali ya pombe, ile ambayo mlokole hawezi kukiri kwamba anaijua. Wiki iliyopita, huku Lindi nilikohamishiwa kazi, jirani yangu alivunja chupa ya siki jikoni kwake. Harufu ikapenya dirishani, nami nikajikuta nimekaa kitandani moyo ukinidunda kama mtoto wa miaka kumi na mmoja. Mtoto huyo alikuwa mimi, Tumpe wa Makwale, wilayani Kyela, na niamini, sababu ya kuogopa nilikuwa nayo.

Nilikuwa na njaa ya vitabu, tena si vitabu vyovyote. Nilitaka vya mambo yasiyokuwepo: watu wanaoishi kwenye nyota, wanyama wenye serikali yao, milango inayofunguka kwenda kusikojulikana. Makwale ungevipata wapi? Kabati la shule lilikuwa na vitabu vya hesabu na kimoja cha kilimo cha mpunga, ambacho nilikisoma mara tatu nikitumaini kwamba safari hii huenda mpunga ukafanya jambo la ajabu. Haukufanya. Nyumbani tulikuwa na Biblia na kitabu cha nyimbo. Nilisoma magazeti ya zamani yaliyobandikwa ukutani kwa bibi hadi nikajua matangazo ya vifo kwa moyo.

Kisha akaletwa Mwalimu Rajabu kutufundisha sayansi. Alitoka Tanga, hakuwa na ndugu hata mmoja upande ule, na katika miaka miwili aliyokaa kwetu Kinyakyusa chake chote kilikuwa "ndaga fijo", yaani asante sana, ambacho alikitumia kushukuru, kusalimia na kuomba apunguziwe bei ya ndizi. Watu walimcheka, naye akacheka pamoja nao. Chumbani kwake, kwenye nyumba ya walimu, alikuwa na sanduku la bati lililojaa vitabu vya namna ile ile niliyokuwa naiota. Sheria yake ilikuwa moja tu: rudisha kimoja, chukua kingine.

Ila ukirudisha, alikukalisha kwanza kwenye ngazi ya mlango na kukuuliza maswali. Ungekuwa wewe, Tumpe, ungemwamini yule mzee? Unadhani walikosea wapi? Mimi nilijibu kwa haraka kama mtu aliye kwenye mtihani, macho yakiwa kwenye sanduku, nikiomba anyamaze alifungue.

Kitabu kilichoniponza kilikuwa kikuukuu, kimenyofoka jalada, hata jina lake sikulijua. Kilisimulia watu waliokimbia dunia iliyokauka wakaenda kuishi ndani ya chombo kikubwa angani, na kila mwaka mmoja wao alilazimika kutoka nje kuziba nyufa za ukuta. Mwaka huo zamu ilimwangukia msichana wa rika langu. Akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, na walio ndani wakasahau namna ya kuufungua. Hapo ndipo sehemu ya kwanza ilipoishia! Ya pili ilikuwa kwa mwalimu, ndani ya lile sanduku. Nilikimaliza siku ya Jumamosi, na usingizi ukanipaa hadi Jumatatu.

Jumapili mama alikuwa ameniona nacho. Akakifungua penye mchoro wa kiumbe mwenye macho matatu.

"Tumpe, hiki nacho kimeingiaje kwenye nyumba ya maombi?"

"Ni cha shule, mama."

"Shule gani inafundisha macho matatu? Kesho nikikikuta hapa, kinaingia jikoni, na si kusomwa."

Nilijua mama hatanii. Jumatatu asubuhi mvua ilikuwa inamwagika, na kutembea na kitabu cha watu kwenye mvua ya Kyela ni sawa na kukitupa ziwani. Nikatafuta mahali pa kukificha hadi jioni. Nyuma ya nyumba palikuwa na kasha la baba la kuvundikia kakao, limekaa tupu, chini limetandikwa majani ya migomba yaliyokauka. Nikainua majani, nikakilaza pale chini, nikayarudisha, nikaenda shule nikijiona mjanja.

Niliporudi, kasha lilikuwa limejaa. Wezi walikuwa wameingia shamba la jirani, baba akaogopa, akavuna mapema kila kilichoiva. Yeye na wajomba walikuwa wamekwisha kupasua matunda, wametandika majani mabichi juu ya yale makavu, wamemwaga mbegu mbichi zenye utelezi hadi ukingoni, wamefunika na kuweka mawe juu.

Ninyi msiokulia kwenye kakao, sikilizeni. Kasha likishafunikwa, halifunguliwi ovyo. Joto linapanda lenyewe humo ndani hadi mkono haustahimili, maji machungu yanachuruzika chini, na ukifungua kabla ya wakati joto linatoroka na kakao ya msimu mzima inaharibika. Baba alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo. Ada zetu zilikuwa humo. Sabuni, viatu, dawa za bibi, vyote vilikuwa humo. Na mwalimu wangu alikuwa humo, na yule msichana aliyefungiwa nje, na mimi mwenyewe.

Siku ya pili baba alipofungua kugeuza, nilisimama karibu nikijifanya nataka kusaidia, nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Zilikuwa za moto na zinateleza, sikufika hata nusu. "Toa mkono, utaungua," baba akasema, akanisukuma taratibu. Ningeweza kumwambia wakati ule. Mpaka leo najiuliza kwa nini ulimi ulinishinda.

Jumatano, mstarini, mwalimu mkuu akatangaza kwamba Mwalimu Rajabu amepata uhamisho na ataondoka Jumamosi. Mchana Mwalimu Rajabu akaniita, nikapitia nyuma ya vyoo nikakimbia. Alhamisi nikasema naumwa tumbo, nikabaki nyumbani.

Ijumaa baba aliwahisha kuitoa kakao kwenda kuanika, kwa kuwa jua lilikuwa limechomoza. Nikangoja aende na ndoo ya mwisho, nikatumbukia ndani ya kasha. Kitabu kilikuwa kimevimba kama andazi. Kurasa zilikuwa zimegandana, zimegeuka rangi ya damu ya mzee, na wino umeyeyuka hata nisitambue neno moja. Nililia nikiwa nimejiuma mkono ili mama asisikie. Kisha nikakizika kwenye maganda ya kakao.

Jumamosi lori likaja kumchukua. Nilikuwa shambani, nimejikunyata kati ya mikakao, na kupitia kwenye matawi niliiona nyumba ya walimu. Rafiki yangu Atupele akaja akitweta.

"Mwalimu anasema uje."

"Mwambie hujaniona."

"Anasema uje hata kama hujakimaliza. Ana kingine mkononi."

Sikuamini. Nilijua watu wazima: wanakuita kwa sauti tamu, fimbo iko nyuma ya mlango. Dereva akapiga honi. Mwalimu akasimama kando ya lori, akiangalia njia ya kwetu. Honi ya pili. Akatazama saa, akasimama tena. Ya tatu alipanda, na kile kitabu kikaenda naye.

Nimeitafuta sehemu ile ya pili Mbeya, nimeitafuta kwenye vitabu vya kando ya barabara Dar es Salaam. Wauzaji wananiuliza jina la kitabu, nami nawaambia silijui, kuna msichana amefungiwa nje. Mmoja alinihurumia akanipa cha ujasiriamali.

Lakini si hilo lililonikalisha kitandani wiki iliyopita. Huku niliko, jioni yangu naimaliza peke yangu na kabati la vitabu. Miezi miwili iliyopita nilimwazima binti wa jirani kimoja, na tangu hapo ananikwepa. Labda amekipoteza, labda mdogo wake amekichana, sijali. Ninachotaka ni aje akae hapa mlangoni aniambie kama yule shujaa wa kitabuni alimchukia au alimpenda, maana mji mzima huu sina mwingine wa kumuuliza.

Miaka yote nilidhani Mwalimu Rajabu alisimama kando ya lori akingoja kitabu chake. Alikuwa anangoja mtu wa kumuaga, na katika kata nzima ya Makwale mtu huyo nilikuwa mimi.